Maswali ya Wasomaji: Ndugu wa Mgonjwa wa Saratani na Hesabu ya Hatari

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu akiugua saratani, ndugu zake wa damu nao wana hatari kiasi gani, na wataalamu wa takwimu huzipataje namba wanazozitaja? Nimezifupisha barua hizo, na nimetanguliza ile ambayo jibu lake linahitajika ili kuzielewa nyingine.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Dada yangu wa tumbo moja amegundulika kuwa na saratani ya matiti akiwa na umri wa miaka 51. Nimeambiwa kwamba kwa sababu hiyo hatari yangu imekuwa mara mbili. Je, hii ina maana kwamba nina nusu kwa nusu ya kuugua?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguliwa. Hapana, si nusu kwa nusu, wala haikaribii huko. Ulichoambiwa ni hatari linganishi, yaani hatari ya mwanamke mwenye ndugu mgonjwa ikigawanywa kwa hatari ya mwanamke wa umri uleule asiye na ndugu mgonjwa. Uwiano huo peke yake haumwambii mtu lolote kuhusu maisha yake mpaka ajue ni namba gani iliyozidishwa, kwa kuwa kitu kidogo kikizidishwa mara mbili kinaweza kubaki kidogo.

Namba ninazozitegemea zaidi zinatokana na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2001, ambao uliunganisha takwimu za tafiti 52 zenye wanawake 58,209 wenye saratani ya matiti na wengine 101,986 wasio nayo. Mwanamke mwenye ndugu mmoja wa daraja la kwanza aliyeugua, yaani mama, dada au binti, alikuwa na hatari mara 1.80, mwenye ndugu wawili, mara 2.93; mwenye watatu au zaidi, mara 3.90. Uwiano huo ulipogeuzwa kuwa hatari halisi kwa nchi tajiri ambako saratani hii ni ya kawaida, ilionekana kwamba kati ya wanawake 100 wasio na ndugu mgonjwa, takriban 8 huugua kabla ya kufikisha miaka 80. Kati ya 100 wenye ndugu mmoja, takriban 13. Na kati ya 100 wenye wawili, takriban 21. Wewe uko katika kundi la pili, ambamo wanawake 87 kati ya 100 hawatarajiwi kuugua kufikia umri huo. Mahali ambapo saratani ya matiti ni adimu zaidi, kuzidisha kunaanzia kwenye namba ndogo zaidi, na hatari halisi nayo huwa ndogo vivyo hivyo.

Uwiano wenyewe haufanani katika umri wote. Ndugu akiugua angali kijana, na anayeuliza naye akiwa kijana, uwiano huwa mkubwa kuliko pale ambapo wote wawili wamevuka umri wa makamo. Mtu ambaye dada yake aliugua akiwa na miaka 33 ana sababu ya kutafuta ushauri wa wataalamu wa jeni mapema. Kwa dada aliyeugua akiwa na miaka 51, na bila mgonjwa mwingine katika ukoo, namba za hapo juu zinatosha kuanzia mazungumzo na daktari wako. Uchambuzi huohuo ulionyesha pia kwamba wanawake wanane kati ya tisa wanaougua saratani ya matiti hawana mama, dada wala binti aliyewahi kuiugua, na wale wanaojiona wamesalimika kwa kuwa ukoo wao hauna saratani wangefaa kuisoma sentensi hiyo mara ya pili.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa takwimu. Tuseme nimepewa orodha ya dada 1,000 wa wagonjwa, na 19 miongoni mwao waliugua. Kwa nini nisiseme kwamba hatari ni asilimia 1.9 nikamaliza kazi?

JIBU: Kwa sababu dada hao 1,000 hawakuanza pamoja wala hawakuishia pamoja. Mmoja ana miaka 28 na bado hajafika umri ambao saratani hii hushamiri. Mwingine alifariki kwa ajali akiwa na miaka 44. Wa tatu alihama, na kumbukumbu zake zikakoma baada ya mwaka mmoja. Ukiwahesabu wote kana kwamba kila mmoja alipata muda sawa wa kuugua, utaipunguza hatari, na ukiwalinganisha na kundi lenye umri tofauti utaona tofauti ambayo chanzo chake ni umri tu.

Njia sahihi ni kuhesabu miaka ya ufuatiliaji badala ya kuhesabu vichwa. Chukua mfano huu, ambao namba zake nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Dada hao wamefuatiliwa kwa jumla ya miaka 2,000 wakiwa na umri wa miaka 40 hadi 49, miaka 3,000 wakiwa na umri wa miaka 50 hadi 59, na miaka 1,750 wakiwa na umri wa miaka 60 hadi 69. Rejista ya saratani inaonyesha kwamba katika makundi hayo ya umri, miongoni mwa wanawake wote, hutokea wagonjwa wapya 100, 150 na 200, mtawalia, kwa kila miaka 100,000 ya ufuatiliaji. Ukizidisha kila kundi kwa kiwango chake unapata wagonjwa 2, kisha 4.5, kisha 3.5, jumla 10. Hao 10 ndio tunaowatarajia iwapo undugu hauna athari yoyote. Walioonekana ni 19, na 19 kwa 10 ni 1.9. Namba hiyo imefanana na ile asilimia yako kwa sadfa tu, maana hii haisemi ni wangapi wataugua, bali inasema kwamba wameugua karibu mara mbili ya waliotarajiwa kwa umri wao.

Usikimbilie kuuandika uwiano huo peke yake. Wagonjwa 19 ni wachache, na bahati pekee ingeweza kuwafanya wawe 14 au 25. Kwa kutumia mgawanyo wa Poisson, yaani kanuni inayoeleza jinsi hesabu ya matukio machache inavyoyumba kwa bahati, mipaka ya asilimia 95 ya uwiano huo ni kuanzia takriban 1.1 hadi 3.0. Mpaka wa chini umevuka 1, yaani uwiano ambao ungeonekana iwapo undugu hauna athari, kwa hiyo kuna ushahidi wa ongezeko, ila ukubwa wake bado haujulikani vizuri. Tena mipaka hiyo inadhani kwamba kila dada ni shahidi anayejitegemea, ilhali dada watatu wa familia moja wanafanana kuliko watu watatu waliookotwa popote. Kwa hiyo mipaka halali huwa mipana zaidi, na programu za takwimu zina namna ya kuipanua kwa kuichukulia familia nzima, badala ya mtu mmoja mmoja, kuwa ndiyo kipande cha sampuli.

Lipo jambo jingine ambalo walimu wengi hulipita haraka mno. Mmoja akigundulika, ndugu zake hukimbilia kupimwa, na saratani zilizokuwa zimejificha huonekana miezi michache baadaye. Hapo uwiano wa mwaka wa kwanza hupanda kwa sababu ya vipimo, si kwa sababu ya damu. Kwa saratani ya tezi dume, ambayo kipimo cha damu kinaweza kuibua uvimbe ambao usingemsumbua mtu maisha yake yote, tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba utafiti usioutenga mwaka wa kwanza na miaka inayofuata nausoma kwa mashaka.

SWALI: Nilihojiwa katika utafiti kuhusu ukoo wangu, na baadaye nikakumbuka kwamba nilimsahau shangazi mmoja. Je, nimeuharibu utafiti?

JIBU: Peke yako, la. Ikiwa wagonjwa na watu wenye afya wanasahau kwa kiasi kilekile, uwiano husogea kuelekea 1 na hatari huonekana ndogo kuliko ilivyo. Linalosumbua zaidi ni kwamba mgonjwa amekwisha kujiuliza mara nyingi ugonjwa wake umetoka wapi, amempigia simu mama mdogo na binamu, na kwa hiyo huwataja ndugu wagonjwa ambao mtu mwenye afya hakuwahi kuwaulizia. Tofauti hiyo ya kumbukumbu huweza kuzaa uwiano ambao haupo. Kwa saratani ya matiti ya mama au dada, watu hukumbuka vizuri; kwa saratani za ndani kama ya ovari, kongosho au mji wa mimba, na hasa kwa ndugu wa mbali, zote huishia kuitwa saratani ya tumbo. Ndiyo maana kazi za Sweden zinathaminiwa sana: rejista yao ya saratani imekuwepo tangu mwaka 1958, imeunganishwa na rejista ya wazazi na watoto wa watu waliozaliwa kuanzia mwaka 1932, na hakuna anayelazimika kuulizwa lolote.

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kliniki ya saratani. Nimeona familia ambazo mama, dada zake wawili na binti wote wameugua. Kwa macho yangu, hatari ya ndugu inazidi nusu. Kwa nini wataalamu wa takwimu hutaja namba ndogo kuliko tunayoishuhudia?

JIBU: Unachokiona ni cha kweli. Kilichopinda ni njia ambayo familia hizo zimepitia mpaka zikakufikia. Familia haiji kliniki kwako ila iwe na mgonjwa, na yenye wagonjwa wengi ina nafasi nyingi zaidi za kufika. Anayekaa mlangoni akihesabu wanaoingia hajazihesabu familia ambazo hazikuwa na sababu ya kuupita mlango huo.

Nitaonyesha kwa namba ndogo. Tuchukue familia 16, kila moja ikiwa na watoto wawili, na ugonjwa unaompata kila mtoto kwa uwezekano wa robo. Kwa wastani, familia 9 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja, familia 6 zitakuwa na mmoja, na familia 1 itakuwa na wawili. Wagonjwa ni 8 kati ya watoto 32, nayo ndiyo robo tuliyoanza nayo. Sasa ondoa zile 9 ambazo hazitafika kliniki. Zinabaki familia 7 zenye watoto 14, na wagonjwa ni walewale 8: asilimia 57. Ugonjwa haukubadilika hata kidogo; waliobadilika ni watu tunaowahesabu.

Wilhelm Weinberg, daktari wa mji wa Stuttgart nchini Ujerumani, alitoa suluhisho mwaka 1912. Mwondoe kwenye hesabu mgonjwa aliyeifanya familia ijulikane, kisha wahesabu ndugu zake peke yao. Na kama wagonjwa wawili wa familia moja wamefika kila mmoja kwa njia yake, familia hiyo ihesabiwe mara mbili. Katika mfano wetu, zile familia 6 zenye mgonjwa mmoja zina ndugu 6, wote wazima. Familia yenye wagonjwa wawili inahesabiwa mara mbili, na kila mara ndugu aliyebaki ni mgonjwa. Jumla ni ndugu 8, wagonjwa 2: robo imerudi. Shika kalamu uirudie hesabu hii kwa familia za watoto watatu, utaona inatoka vilevile. Mbinu za leo ni ndefu zaidi, ila wazo ni hilohilo: kabla ya kukadiria hatari, andika kwa lugha ya hesabu jinsi familia ilivyopatikana, kisha uwezekano wa kila ulichokiona uuwekee sharti la upatikanaji huo.

Historia ya BRCA1, jeni ambayo mabadiliko yake huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, ni somo zuri la jambo hili. Tangu mwaka 1866, daktari mpasuaji Mfaransa Paul Broca alikwisha kuandika kuhusu ukoo wa mke wake, ambamo saratani ya matiti ilijirudia kizazi baada ya kizazi. Koo za namna hiyo ndizo zilizomwezesha mtaalamu wa jeni wa Marekani, Mary-Claire King, na wenzake, mwaka 1990, kuonyesha kwamba jeni inayohusika iko katika kromosomu ya 17, na mwaka 1994 jeni yenyewe ikapatikana. Kwa kazi ya kuitafuta jeni, familia zenye wagonjwa wengi ndizo zinazofaa hasa, kwa sababu swali ni kama ugonjwa na kipande fulani cha kromosomu vinasafiri pamoja katika ukoo. Tatizo lilianza pale familia hizohizo, zilizochaguliwa kwa kuwa na wagonjwa wanne au zaidi, zilipotumika kukadiria hatari. Makadirio ya mwaka 1994 yalisema kwamba asilimia 87 ya wanawake wenye mabadiliko ya BRCA1 huugua saratani ya matiti kufikia miaka 70.

Mwaka 2003 zikaunganishwa tafiti 22 zilizowachukua wagonjwa bila kujali kama ukoo wao una saratani au hauna. Wagonjwa hao walipimwa jeni, na waliokutwa na mabadiliko wakaulizwa kuhusu ndugu zao. Hatari kufikia miaka 70 ikatoka asilimia 65 kwa BRCA1 na asilimia 45 kwa BRCA2, jeni ya pili ya aina hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1997, watafiti wa eneo la Washington, mji mkuu wa Marekani, walikuwa wamepata takriban asilimia 56 kwa jeni hizo mbili kwa pamoja, kwa njia ambayo mimi naiona kuwa na akili ya pekee. Watu 5,318 wa jamii ya Kiyahudi walijitolea damu kidogo ya kidoleni na wakaeleza habari za ndugu zao. 120 wakakutwa na mabadiliko ya jeni. Ndugu zao hawakupimwa kabisa. Hata hivyo tunajua kwamba takriban nusu ya ndugu wa daraja la kwanza wa mwenye mabadiliko nao wanayo, ilhali ndugu wa asiye nayo kwa kawaida hawana. Tuseme, kwa mfano tu, ndugu wa wenye mabadiliko wana hatari ya asilimia 30, na ndugu wa wasio nayo wana asilimia 10. Basi ile 30 ni wastani wa nusu mbili: nusu isiyo na mabadiliko, yenye 10, na nusu yenye mabadiliko, ambayo hapana budi iwe na 50. Hatari ya kundi ambalo hakuna aliyelipima imepatikana kwa kutoa na kugawanya.

Njia hiyo nayo ina doa lake, kwa kuwa anayejitolea mara nyingi ni yule ambaye ukoo wake umempa wasiwasi. Ufuatiliaji wa wanawake wenye mabadiliko kuanzia wakiwa wazima, uliochapishwa mwaka 2017, ulipata asilimia 72 kwa BRCA1 na 69 kwa BRCA2, lakini hizo ni za kufikia miaka 80 wala si 70, na anayezilinganisha na zile za mwaka 2003 bila kutazama umri anajidanganya. Nikurudie wewe, muuguzi: familia unazoziona huenda kweli zina hatari kubwa kuliko wastani hata miongoni mwa wenye mabadiliko ya jeni, kwa kuwa ukoo uliojaa wagonjwa mara nyingi umebeba pia vichocheo vingine vidogo vidogo. Namba ya 87 inaweza kuwafaa wao. Kosa ni kumpa namba hiyo mwanamke aliyepimwa kwa sababu nyingine, na ambaye katika ukoo wake mgonjwa ni yeye tu.

SWALI: Mdogo wangu amekutwa na mabadiliko ya BRCA1, na imethibitika kwamba yametoka kwa mama. Mimi nina miaka 70, sijapimwa, na sijawahi kuugua saratani. Watoto wangu wanauliza kama bado nina nusu kwa nusu ya kuwa nayo.

JIBU: Mama, ulipozaliwa ulikuwa na nusu kwa nusu, lakini miaka 70 ya afya nayo ni ushahidi, na ushahidi huingizwa kwenye hesabu kwa kanuni ya Bayes. Wafikirie wanawake 200 walio katika hali yako: 100 walirithi mabadiliko, 100 hawakurithi. Kwa ajili ya hesabu, nichukue kwamba kufikia miaka 70 huugua saratani ya matiti 60 kati ya waliorithi na 8 kati ya wasiorithi. Waliobaki wazima ni 40 wa kundi la kwanza na 92 wa kundi la pili, jumla 132, na wewe ni mmojawapo. Kati ya hao, walio na mabadiliko ni 40 kati ya 132, yaani takriban asilimia 30. Kwa kila mtoto wako ni nusu ya hiyo, takriban asilimia 15. Tukiingiza na saratani ya ovari, ambayo pia hujakutana nayo, namba itashuka zaidi kidogo.

Asilimia 30 si ndogo, na kipimo cha damu kitaifuta hesabu hii yote kwa jibu moja la ndiyo au hapana. Angalia pia kwamba kama barua hii ingeandikwa na kaka yako mwenye miaka 70 na afya njema, ningemjibu kwamba amebaki karibu palepale kwenye nusu, maana wanaume wenye mabadiliko ya BRCA1 huugua saratani ya matiti kwa nadra sana, na afya yake haitufundishi mengi. Ndivyo jeni hii inavyoweza kupita kwa baba na babu bila kuacha mgonjwa, na ukoo ukaapa kwamba haumo.

SWALI: Watu wa familia moja hula pamoja, huvuta hewa moja na huiga tabia za wazazi wao. Kwa nini mnaharakisha kuilaumu jeni?

JIBU: Hoja yako ni ya haki, na jibu lake limo katika hesabu ambayo matokeo yake huwashangaza hata wanaoifahamu takwimu. Tuseme kuna jambo katika mazingira linaloongeza hatari ya saratani mara mbili, kutoka 5 hadi 10 kati ya 100. Kwamba limo katika familia 30 kati ya kila 100. Na kwamba dada wa familia moja hulishiriki kikamilifu. Wastani wa hatari kwa wote ni 6.5 kati ya 100. Ukimpata mgonjwa, uwezekano kwamba ametoka katika familia zenye jambo hilo ni asilimia 46, na ukiifuata hesabu hadi mwisho, hatari ya dada yake ni 7.3 kati ya 100. Gawanya kwa 6.5: uwiano ni 1.12 tu. Ili mazingira peke yake yafikishe uwiano wa 1.8 tuliouona kwa saratani ya matiti, pangehitajika jambo linaloongeza hatari mara tano, lililomo katika familia moja kati ya tano, na linaloshirikiwa bila upungufu. Mambo ya aina hiyo ni machache. Sigara kwa saratani ya mapafu ni mojawapo, na kwa saratani hiyo nakubaliana nawe kwamba tabia ya nyumbani lazima ipimwe kwanza.

Hesabu hiyohiyo huwakata makali na wapenzi wa jeni, kwa kuwa BRCA1 na BRCA2, kwa uadimu wake, zinaeleza sehemu ndogo tu ya ongezeko la hatari ya saratani ya matiti katika familia. Sehemu kubwa ya inayoelezeka imegawanyika katika tofauti nyingi za jeni ambazo kila moja ina athari ndogo.

Njia ya kuvitenganisha vitu hivi viwili ni kuwalinganisha mapacha wanaofanana, wenye jeni zilezile, na mapacha wasiofanana, wenye ushirika wa jeni kama ndugu wa kawaida. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jozi 44,788 za mapacha kutoka Sweden, Denmark na Finland. Mchango wa urithi ulikadiriwa kuwa asilimia 42 kwa saratani ya tezi dume, 35 kwa utumbo mpana na 27 kwa matiti. Tafadhali usiisome 27 kama uwezekano wa mtoto kurithi saratani. Ni sehemu ya tofauti zilizopo baina ya watu katika jamii hizo, katika mwelekeo wa kuugua, ambayo jeni zinaielezea. Jamii nyingine yenye mazingira mengine inaweza kupata namba nyingine bila jeni hata moja kubadilika. Tena mbinu yenyewe inadhani kwamba mapacha wanaofanana hawalelewi kwa kufanana zaidi kuliko wasiofanana, jambo ambalo kila aliyewahi kulea mapacha anaweza kulitilia shaka.

SWALI: Programu mbili za kompyuta za kukadiria hatari zimenipa majibu tofauti: moja imesema 12 kati ya 100, nyingine 19. Ipi ni ya kweli?

JIBU: Kwanza hakikisha kwamba zote zinazungumzia muda mmoja, maana moja inaweza kuwa imehesabu miaka 10 ijayo na nyingine maisha yako hadi miaka 80. Kama muda ni mmoja, tazama kila programu iliuliza nini. Kila programu hufuata modeli fulani, yaani kanuni yake ya hesabu. Modeli ya Gail ya mwaka 1989 huwahesabu mama, dada na mabinti waliougua, pamoja na mambo kama umri wa kuvunja ungo na wa kuzaa mtoto wa kwanza. Umri ambao ndugu waliugua haiuulizi, na ukoo wa baba haiugusi kabisa. Modeli ya Claus ya mwaka 1991 inautegemea umri wa ndugu kuugua. Ile ya Tyrer na Cuzick ya mwaka 2004, na BOADICEA iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, huuchukua ukoo kwa upana zaidi na kuingiza uwezekano wa mabadiliko ya BRCA. Mtu ambaye wagonjwa wake wote ni wa upande wa baba ataonekana wa kawaida kabisa katika modeli ya Gail.

Programu hupimwa kwa mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kama jumla inalingana: kati ya wanawake 1,000 walioambiwa kwamba hatari yao ni asilimia 3, je, wanaugua takriban 30? La pili ni kama inawatofautisha watakaougua na wasiougua. Programu inayompa kila mtu wastani wa taifa hufaulu mtihani wa kwanza kwa alama zote na kushindwa kabisa wa pili, kwa hiyo ukisikia programu inasifiwa, uliza imesifiwa kwa lipi.

Kabla ya kuirudia hesabu yako, andika orodha ya ndugu wote wa pande mbili, wagonjwa na wazima, walio hai na waliofariki, pamoja na umri wao wa sasa, wa kufariki au wa kuugua. Wengi hujaza wagonjwa tu, kwa kudhani kwamba wazima hawahusiki. Shangazi sita wenye afya wakiachwa nje ya fomu, programu inayotazama ukoo mzima itadhani kwamba una shangazi wawili tu, wote wagonjwa, na namba itakayotoka itapanda bila sababu.